MREJESHO: Epo za kuoka kwa mkaa, unga wa juu sasa unakauka

Wakuu, niliuliza kwa nini nikioka epo zilizomwagiwa juu chengachenga za unga wa ngano na siagi, huo unga wa juu unalowa. Asanteni sana mlionijibu.

Epo za Makete nimezikata, nikazinyunyizia sukari hadi zikatoa maji. Maji yale nikayachemsha na kijiko cha wanga wa mahindi mpaka yakawa mazito, nikayarudishia. Siagi nimeifikicha na ngano ikiwa ya baridi hadi ikawa chengachenga. Kwa baridi ya Njombe mwezi huu wa Juni haiyeyuki mkononi kabisa. Nikazimwaga juu ya epo, mkaa mwingi juu ya mfuniko wa sufuria, chini kidogo tu.

Ukiugonga huo unga wa juu na kijiko unalia! Na uliyesema nisifunike ikishaiva, ubarikiwe, mvuke ndio uliokuwa unalowesha. Pichesi zikiingia sokoni najaribu nazo.