Chanjo ya taifodi ya kuku: ilazimishwe, au kila mfugaji aamue?

Hoja: kila anayeuza mayai, kutoka Nakuru hadi Busia, alazimishwe kuchanja kuku wake dhidi ya salmonela, kundi la bakteria ambalo baadhi yake huleta taifodi ya kuku.

Mfugaji, Njoro: Naunga mkono. Kuku aliyepona taifodi hubaki na bakteria mwilini na kuwapitisha kwa kifaranga kupitia yai. Uingereza, mayai yenye alama ya ubora ya Lion yalitakiwa yatoke kwa kuku waliochanjwa kuanzia 1998, na wagonjwa wa salmonela wakapungua sana.

Muuza dawa, Ahero: Ndugu yangu, hayo ni mambo mawili. Uingereza walikuwa wakipambana na Enteritidis, aina ya salmonela inayowafanya walaji waugue huku kuku mkubwa akionekana mzima. Taifodi inayomaliza kuku huku inaletwa na aina nyingine, Gallinarum, na binadamu haimsumbui. Chanjo ya taifodi ya kuku iitwayo 9R ni ya Gallinarum. Enteritidis inaipunguza kiasi, lakini kwa Typhimurium, aina ya tatu, usiitegemee. Sheria inalenga ipi?

Daktari wa mifugo, Bungoma: Mimi napinga kwa sababu nyingine. 9R ni bakteria hai. Hudungwa chini ya ngozi ya shingo wiki ya 6 hadi 8, ikarudiwa wiki ya 14 hadi 16, kabla kuku hawajaanza kutaga. Ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa iishe ndani ya saa 2. Sasa angalieni: kuku wamechanjwa leo, kesho wamezubaa kwa kushikwashikwa, mwenyewe anatia antibaiotiki kwenye maji. Chanjo imekufa. Taifodi ikiingia, upanga wa kichwani unapauka, kinyesi kinakuwa kijani-manjano, kuku akipasuliwa ini limevimba lina rangi ya shaba, na chanjo inalaumiwa. Tena kuchanja kundi ambalo tayari lina ugonjwa kunaweza kuongeza vifo. Cheti cha chanjo hakionyeshi lolote kati ya hayo.

Mfugaji, Kakamega: Basi daktari, sheria ianze na wenye mashine za kutotolesha. Kuku wazazi wapimwe: tone la damu na tone la antijeni (dawa ya kupimia) kwenye kigae cheupe, vipunje vikijitokeza ndani ya dakika 2, kuku huyo huenda ana bakteria, aondolewe. Wazazi hao wasichanjwe kabla ya kupimwa, maana chanjo inaweza kuvuruga kipimo.

Mfugaji, Njoro: Hilo la wazazi nalikubali kabisa. Lakini aliyenunua vifaranga safi bado ana panya kwenye chakula na trei za mayai zinazozunguka soko zima. Bila chanjo atawakingaje?

Muuza dawa, Ahero: Kwanza, asichangie chupa ya chanjo na jirani. Chupa ina dozi za mamia, mwenye kuku 60 anaona hasara, kwa hiyo sindano moja inazunguka boma hadi boma na kubeba ugonjwa wenyewe. Kabla ya kulazimisha mtu, chupa za dozi 50 zipatikane madukani.