Wana Tanga Virginia 🌴🥥

*Jumatano*

Anti Zai 19:04
Jamani safari ni Jumamosi na mpaka sasa walojibu wawili, mmoja wao Neema ambaye hata gari hana. Tunampeleka mzee hifadhi ya Shenandoah kuona Rapidan, kambi ya mapumziko ya Hoover, yule rais wa zamani wa Marekani. Getini dola 30 gari zima, tukijibana magari mawili yanatosha

Anti Zai 19:31
Tiki za bluu naziona, watu kimya

Anko Idi 19:33
hoova si ile mashine ya kufyonza vumbi kwenye kapeti 😂

Neema 19:33
😂😂😂

Anti Zai 19:40
Idi nakuuliza gari unaniletea kapeti. Alikuwa rais 1929 mpaka 1933, alinunua ekari 164 kwa hela yake mwenyewe, alitaka pawe futi 2,500 juu ili pasiwe na mbu na mto uwe na samaki wa kuvua, waziri mkuu wa Uingereza MacDonald alikuja wakakaa juu ya gogo wanaongea habari za kupunguza meli za vita, na alipomaliza zamu yake hakuuza, akaitoa iingie kwenye hifadhi. Leo hata wewe unaingia

Baba Neema 21:15
Nlikuwa kazini. Gari linafika mpaka kwenye nyumba zenyewe? Goti la mzee mnalijua

Anti Zai 21:16
Kwa miguu kutoka Milam Gap ni kama maili 4 kwenda na kurudi, na kurudi ndo kupanda. Kuna kigari cha askari wa hifadhi kinatoka Big Meadows ila viti vichache, unakata mapema, ndo maana naomba IDADI

Anko Idi 21:20
pilau anapika nani

Shangazi Mwanaidi 21:48
Napika mie ila sufuria langu silitoi, lile la mwaka juzi mnajua lilivyorudi

Anko Idi 21:49
sufuria tena 😂😂

Shangazi Mwanaidi 21:55
Cheka tu. Na we Zai hiyo habari ya mtu kununua kwa hela yake halafu akawapa wote imenichoma. Michungwa ya Muheza iliuzwa sie tuko huku tunatumiana picha za theluji, na alouza yumo humu anasoma

Anti Zai 21:56
Dada tafadhali, si leo

Baba Neema 21:58
Taja jina Mwanaidi. Na ukitaja, sema pia hela ya hospitali ya mama ilitoka wapi

Anko Idi 21:59
basi na sisi Jumamosi tukae juu ya lile gogo tuyamalize 🪵

Neema 22:03
Kwani huko mlimani hakukuwa na watu? Shuleni tulifundishwa Hoover aliwajengea watoto wa hapo shule, halafu hifadhi ilipokuja mamia ya familia zikaondolewa

*Alhamisi*

Babu 05:37
Neema mjukuu wangu. Hao walioondolewa walilipwa

Neema 06:50
Shikamoo Babu. Wenye karatasi walilipwa, wapangaji hawakupata kitu

Babu 07:02
Marahaba. Karatasi ya Muheza yenye muhuri wa kijiji ninayo. Imo kwenye begi nililokuja nalo. Hakuna aliyeniuliza. Jumamosi nitakwenda, mtanipandisha hicho kigari. Muheza isiandikwe tena humu

Baba Neema 07:04
_Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi Mwanaidi 09:20
Sawa baba

Anti Zai 12:11
Nimekata viti vinne. Cha mzee kimoja, vilivyobaki sijui vya nani, Baba Neema nakupigia hupokei

Anko Idi 16:45
mie nakuja ila gari langu taa ya injini inawaka toka Jumapili, kuna mtu anapita Harrisonburg?