Tupeane uzoefu: Meli ya kitalii ikifunga gati Hakodate, saa zenu chache mlizitumiaje?

Binti_Chumbageni (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Naishi Vancouver, na mwezi wa tano nampeleka mama safari ya meli inayoanzia Yokohama na kuizunguka Japani. Usiku meli inatembea, mchana inafunga gati mji mmojammoja. Mji ambao siujui kabisa ni Hakodate, uko Hokkaido, kile kisiwa kikubwa cha kaskazini. Tunafika asubuhi, na saa kumi na moja jioni abiria wote tuwe tumesharudi ndani. Mama anakaribia sabini, magoti yanamsumbua, hali nguruwe wala chochote chenye pombe. Matembezi ya kundi yanayouzwa melini bei zake zinatisha.

Mliowahi kushuka pale, iwe abiria au wafanyakazi, mwageni uzoefu. Ya kwenye vipeperushi nimeshayasoma, nataka mliyoyaona wenyewe.

Mpishi_wa_Kisauni

Hujambo dada. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko jikoni kwenye meli za aina hiyo, na Hakodate huwa tunapita msimu ukifika.

Swali la kwanza: mnafunga gati lipi? Yapo mawili. Wakamatsu liko mjini kabisa, ukishuka ngazi unatembea dakika chache uko stesheni ya treni na sokoni. La pili ni Minato-cho, liko mbali, upande wa mizigo, na pale mtategemea basi. Angalia karatasi ya ratiba wanayoacha chumbani usiku wa kuamkia.

Sisi wafanyakazi tunashuka kifungua kinywa kikishaisha, na kabla ya maandalizi ya chakula cha usiku uko tena ndani na aproni. Pasipoti zetu zinabaki melini, unatembea na kibali cha kushukia mfukoni. Basi usitarajie nikusimulie makumbusho. Baharia akigusa nchi kavu anatafuta waifai, anatafuta mashine ya kutolea pesa inayokubali kadi za nje (zile za 7-Eleven zinakubali), halafu chakula ambacho hajakipika yeye.

Chakula kiko soko la asubuhi, Asaichi, mlango wa pili na stesheni. Linafunguka alfajiri na kufikia saa nane mchana vibanda vingi vimeshafunga, kwa hiyo anzeni hapo. Kuna kaa wakubwa wenye miguu mirefu kama miti ya mwavuli, na matikiti yenye nyama ya rangi ya chungwa yanauzwa kipande kimoja kimoja. Katikati kuna tangi la ngisi hai. Unalipa, unapewa fimbo ya kuvulia, unamvua mwenyewe, na muuzaji anamkatakata hapo hapo miguu ikiwa bado inajinyonganyonga. Bei inabadilika kila siku. Ngisi ndiye aliyeupa mji huu umaarufu, lakini miaka hii amepungua sana baharini kule, na wenyeji wanalalamika kama wavuvi wetu tu.

Nkya_Hokudai

Nilisoma Sapporo, Chuo Kikuu cha Hokkaido, kwa hiyo Hakodate nilikuwa nashuka kwa treni wala si kwa meli. Nianze na onyo: usije ukashawishika kwenda Sapporo na kurudi siku hiyo hiyo. Kwenye ramani panaonekana karibu, ila treni ya haraka inachukua zaidi ya saa tatu na nusu kwenda tu. Meli haikusubiri.

Watu watakuambia Hakodate ni mandhari ya usiku kutoka mlimani. Ni kweli, mlima una mita 334 tu, unapanda kwa gari la waya dakika kama tatu, na chini unauona mji umebanwa kiunoni na bahari pande mbili. Lakini nyinyi saa kumi na moja mko ndani ya meli, na mwezi wa tano jua linazama kama saa moja hivi. Usiku hamtauona. Pandeni mchana kama anga iko wazi, umbo la mji linaonekana vizuri tu. Kwa mimi ladha ya mlima ule ni historia yake: tangu mwisho wa karne ya 19 mpaka vita vilipoisha 1945 ulikuwa ngome ya jeshi, raia haruhusiwi kupanda, hata kuuchora au kuupiga picha ilikuwa kosa. Ndiyo maana msitu wake umebaki mzito hivyo.

Kwa mama mwenye magoti ningechagua Goryokaku. Ni ngome yenye umbo la nyota ya pembe tano iliyozungukwa na handaki la maji, ilikamilika 1864. Utawala wa mashogun, wale watawala wa kijeshi wa Japani ya zamani, ulipoanguka, kamanda wao wa majini Enomoto Takeaki alikuja huku na masalia ya majeshi yao, maofisa wakapiga kura wakamchagua kiongozi, wakaendesha serikali yao mpaka waliposalimu amri 1869. Pembeni kuna mnara wenye lifti, na nyota nzima unaiona ukiwa juu. Miti ya micheri huchanua mwisho wa mwezi wa nne hadi mwanzo wa tano, kwa hiyo mkiwahi mtaikuta.

Usafiri ni tramu, yaani treni ndogo ya barabarani. Unaingia mlango wa nyuma, unachukua kitiketi chenye namba, unalipa kwa dereva ukishuka mlango wa mbele. Kama mtapanda mara kadhaa, chukueni pasi ya siku.

Kiroba_Mstaafu

Nkya umemaliza vizuri ila unawasifia hali ya hewa. Mimi nilishuka na wanangu mwezi wa saba, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa za maghala ya matofali mekundu. Mlima haupo. Mnara wa nyota tungeona pamba tu. Siku ya ukungu okoa hela yako.

Ta_Rweyemamu

Ukungu kama huo ndio ulionipeleka mahali ambapo sikuwa nimepapanga.

Karibu na stesheni kuna meli ya zamani imefungwa moja kwa moja, Mashu Maru. Sasa ni makumbusho. Ilikuwa ikivusha watu kati ya Hakodate na Aomori, na siyo watu tu, mabehewa ya treni yalikuwa yanaingizwa tumboni mwa meli yakiwa na mzigo wake. Nilipanda kujikinga na manyunyu.

Humo ndipo nilipokutana na habari ya Toya Maru. Septemba 26, 1954, kimbunga kilikuwa kinapita. Upepo ukatulia kidogo, nahodha akaona kimepita, akaondoka na abiria jioni. Kumbe bado. Alitia nanga nje ya bandari, meli ikaingiwa na maji, ikapinduka karibu kabisa na ufukwe. Walikufa zaidi ya watu 1,100, na usiku huo huo meli nyingine nne za mizigo zikazama.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, nilikuwa kijana, najua mji unavyokuwa watu wanapokaa gatini wakisubiri majina. Nilikaa kwenye kiti mle ndani muda mrefu, mke wangu akaniacha akaenda kununua zawadi.

Baada ya msiba ule mpango wa kuchimba njia chini ya bahari ukapewa uzito. Handaki la Seikan lina karibu kilomita 54, lilifunguliwa Machi 1988, na feri hizi zikastaafishwa. Mama yako anaweza kufurahia Mashu Maru, ila aulizie ngazi kwanza.

Shamsa_Muscat

Da Binti, suala la chakula msilichukulie wepesi. Mji huu unajivunia ramen ya chumvi, yaani tambi za supu, na supu yake ni angavu utadhani ya samaki, lakini mara nyingi imechemshwa na mifupa ya nguruwe. Mchuzi wa soya na michuzi ya kupakia samaki mara nyingi huwa na pombe. Mimi niliandika kwa Kijapani kwenye simu kwamba sili nguruwe wala chenye pombe, nikawa naonyesha. Wanakusoma, wanafikiri, na kama haifai wanakuambia kwa heshima kabisa. Tulikula samaki wa kuchoma kwa chumvi tupu na wali mweupe. Na mayai ya kile kidude cha baharini chenye miiba kinachotuchoma miguu kwetu! Huku ni anasa, bei yake usiulize.

Motomachi, mtaa wa vilima, ingependeza mama aone: kanisa la Kirusi, la Katoliki, la Anglikana na hekalu la Kibudha, vyote hatua chache. Bandari ilifunguliwa kwa biashara ya wageni 1859, kila taifa likaja na ibada yake. Chukueni teksi mpaka juu, halafu mshuke polepole kwa miguu.

Mpishi_wa_Kisauni

Dada Shamsa, kushuka ndiko kunakoua magoti. Teksi imsubiri huko huko juu.

Nkya_Hokudai

Jambo jingine, Binti. Meli zenye bendera za nje zikizunguka Japani mara nyingi hugusa Busan kwanza, Korea. Kama mama anatumia pasipoti ya Tanzania, ulizia mapema kama viza yake inaruhusu kuingia Japani tena.

Binti_Chumbageni

Busan ipo kwenye ratiba kweli! Kesho asubuhi napiga simu. Asanteni mno. Nimemsomea mama, amekubali nyota na teksi, ila ngisi anayejitikisa bakuli moja na yeye hawakai. Na Aomori je, kuna aliyeshuka? Ndiyo kituo kinachofuata.

Kiroba_Mstaafu

Aomori sokoni mnanunua bakuli la wali na tiketi, mnazunguka vibanda mkichagua vipande vya samaki mpaka tiketi ziishe. Karibu na bandari kuna jumba la Nebuta, yale masanamu makubwa ya karatasi yenye taa ndani. Sakafu yake ni tambarare, magoti hayatalalamika.