Kwadi ya kabureta kutoka Kigamboni hadi Njombe: jeti, sproketi na upepo wa tairi

MchangaMweupe
Wakuu, habari za leo. Kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ni ya Kichina, 250 cc, inapozwa kwa hewa, kabureta ya aina ya Keihin, gia za mguu na mnyororo. Jeti (kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) kubwa ni 120, ndogo ni 38. Sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) ya mbele meno 13, ya nyuma 36. Kigamboni kwenye mchanga ilikuwa haina neno. Sasa imehamia Njombe, na kila baada ya wiki mbili itapanda Kitulo. Huku juu resi zinagoma kufika mwisho, eksozi inatoa moshi mweusi, plagi imejaa masizi makavu, na mlimani gia ya tatu haivuti. Fundi mmoja anasema nitoe chujio la hewa ili ipumue, mwingine anataka kutoboa jeti. Nimsikilize yupi?

JetiNamba
Usimsikilize hata mmoja. Kutoboa jeti kunaongeza petroli, na petroli ndiyo imezidi tayari. Kutoa chujio kutapunguza moshi kweli, lakini kiangazi vumbi la barabara za huko litakwangua silinda, na ringi zitakwisha mapema.

Kinachotokea ni hiki. Njombe ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 kuliko ya Kigamboni. Kabureta inapima ujazo wa hewa, haipimi uzito wake. Hewa ikiwa nyepesi, mvuto kwenye koo la kabureta nao unapungua, hivyo petroli inapungua yenyewe kidogo, lakini kwa nusu tu ya inavyotakiwa. Inabaki ziada ya kama asilimia 10. Hiyo ndiyo masizi unayoyaona.

Hapa wengi wanakosea hesabu. Namba za jeti za Keihin ni kipenyo cha tundu kwa mia za milimita: 120 ni milimita 1.20. Ukitaka petroli ipungue asilimia 10, kipenyo kinapungua asilimia 5 tu, kwa sababu kinachopitisha ni eneo la tundu. Kwa hiyo 120 inashuka hadi 115 au 114. Ukiruka hadi 108 kwa kufikiri "asilimia 10 ni 12", utakuwa umevuka mpaka. Kwa Kitulo, mita 2,600 hivi, hesabu inatoa 112. Na uhakikishe jeti unayonunua ni ya Keihin kweli. Za kampuni nyingine, Mikuni, zenye vichwa vya pembe sita zinahesabiwa kwa kiasi cha petroli kinachopita, si kwa kipenyo, kwa hiyo namba hizo mbili hazilingani hata zikifanana.

Kabla hujagusa jeti, ondoa wachawi wengine: choki irudi mpaka mwisho, chujio liwe safi, na sindano ya boya isivujishe (boya ndilo linalodhibiti kimo cha petroli ndani ya kabureta; likizidi kuwa juu, dalili ni zile zile za petroli nyingi). Pima na uwazi wa valvu injini ikiwa baridi kabisa.

Halafu fuata mpangilio huu, usiuvuruge:

1. Jeti kubwa kwanza. Inatawala kuanzia robo tatu ya kibonyezo cha gumba (cha kuongezea resi) hadi mwisho. Funga plagi mpya, panda mlima mrefu kwa gia ya tatu kibonyezo kikiwa mwisho, kisha kwa mkupuo mmoja kamata klachi na uzime kwa swichi. Usiiache ingurume taratibu, utapoteza ushahidi. Toa plagi, mulika ndani chini kabisa ya kauri, kwenye shina: pete ya kahawia hafifu ni sawa, nyeusi maana yake petroli bado imezidi, nyeupe tupu maana yake petroli ni pungufu mno. Petroli ya siku hizi haipaki rangi nyingi, kwa hiyo ncha peke yake itakudanganya.

2. Sindano ya kabureta inatawala robo hadi robo tatu, na hapo ndipo utakapotumia muda wako mwingi. Kipini kinachoshikilia sindano kikipandishwa tundu moja (mkato mmoja juu ya sindano), sindano inashuka na petroli inapungua. Anza na tundu moja tu.

3. Mwisho skrubu ya resi ndogo. Kama skrubu iko upande wa injini, ni ya petroli: kuifungua ni kuongeza. Ikiwa upande wa chujio, ni ya hewa: kuifungua ni kupunguza petroli. Ukichanganya hizi mbili utafanya kazi siku nzima kinyumenyume. Ifunge taratibu mpaka iguse, bila kukaza, kisha fungua mizunguko moja na nusu, injini ikiwa ya moto, halafu tafuta mahali resi zinapokuwa juu zaidi. Kwa skrubu ya petroli, mahali hapo pakipatikana chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni kubwa mno, weka 35.

Kitulo mara moja kwa wiki mbili? Usibadilishe jeti kila safari. Weka 114, na kule juu shusha sindano tundu moja zaidi. Petroli itazidi kidogo kibonyezo kikifika mwisho, lakini ziada kidogo haiui injini.

MenoKumiNaMbili
Naongezea kwa JetiNamba: hata ukitega kabureta kwa ustadi wa namna gani, nguvu iliyoondoka na hewa hairudi. Jeti inakurejeshea mwako safi. Kwenye mlima, kazi ya kuvuta inabaki kwa sproketi.

Sasa hivi uwiano wako ni 36 kwa 13, yaani 2.77. Ukiweka 12 mbele unapata 3.00, ongezeko la asilimia 8 la mvuto. Ni bei nafuu na kazi ya nusu saa, lakini mnyororo unajikunja zaidi kwenye sproketi ndogo na kusugua plastiki ya kulinda swingi amu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma). Itazame kila mwezi. Ukibakiza 13 mbele na kuweka 40 nyuma, unapata 3.08, asilimia 11, na mnyororo unadumu zaidi. Ila utahitaji kuongeza pingili, na kwenye matope sproketi kubwa inakaa karibu na mawe. Kwa Njombe mjini ningechukua 12. Kwa mtu anayepanda Makete kila siku, 40.

Mlegezo wa mnyororo upimwe mtu wa uzito wako akiwa amekaa juu. Ukiupima kwadi ikiwa tupu, ukikalia unakaza, na beringi ya sproketi ya mbele ndiyo inayolipa.

Kwa wenye kwadi za mkanda zisizo na mnyororo, kazi hiyo hufanywa na roli za klachi ya mbele: roli nyepesi kidogo zinaiacha injini ifikie resi zake za nguvu kabla mkanda haujapanda.

TairiLaini
Hakuna aliyegusa upepo, na huu unawaangusha watu wengi. Geji inapima tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Kutoka pwani hadi mita 2,000 mgandamizo wa hewa ya nje unashuka kama PSI 3 (PSI ni kipimo cha upepo). Tairi uliyoiacha kwenye PSI 5 Kigamboni itasoma 7 hadi 8 Njombe bila mtu kuigusa, hata baridi ikishapunguza kidogo. Kwa gari lenye PSI 30 hilo si kitu. Kwa kwadi ni zaidi ya nusu ya upepo wote, na tairi inadundadunda badala ya kushika.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ukiteremka pwani na tairi zenye PSI 5 za Njombe, utafika na chini ya 3, na kona kali ya kwanza mchangani tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi, kwa geji ya upepo mdogo inayoishia 15 au pungufu. Geji ya kituo cha mafuta chini ya 10 inabahatisha.

Mchangani 3 hadi 4 inatosha. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, 4 hadi 5. Kwenye mawe, 6 au 7 ili rimu isigonge. Usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Tairi za mchangani zenye meno mafupi hazifai kwa utelezi wa Njombe: udongo unajaza nafasi na unabaki na tairi bapa. Tafuta zenye meno marefu yaliyoachana, lakini ubaki na kipimo kile kile cha urefu. Ukiongeza inchi mbili, umefuta faida yote ya sproketi ya MenoKumiNaMbili.

MchangaMweupe
Nimeelewa, asanteni sana wakuu. Nikiirudisha Dar mwezi wa Desemba, 114 inaweza kubaki kwa wiki moja tu?

JetiNamba
Isibaki hata siku moja, mkuu. Huku chini hewa ni nzito na petroli itakuwa pungufu: injini itachemka, itagonga ukiivuta kwenye mchanga, na pistoni inaweza kutoboka. Weka 120, rudisha sindano tundu lake la zamani na skrubu kwa hesabu uliyoiandika. Kama jeti ndogo ulishaifanya 35, irudi 38. Andika vipimo vyote viwili kwa kalamu isiyofutika chini ya kiti, ya Dar upande mmoja, ya Njombe upande wa pili.

ShembaLaMatope
Swali dogo, kwadi yenye injeksheni (isiyo na kabureta) inahitaji nini?

MenoKumiNaMbili
Jeti haina; kipima hewa chake kinaipa kompyuta taarifa, nayo inarekebisha petroli yenyewe. Hakikisha tu kampira ka kipima hewa hicho hakajapasuka. Sproketi na upepo wa tairi ni vile vile.