Chemshabongo ya Jumapili: mtungaji anatukosea, na mhariri anapitisha

Ndugu wanajamvi,

Nimevumilia kwa muda mrefu, lakini jedwali la Jumapili ya juzi, ambalo majibu yake yametoka jana, limenifika kooni. Gazeti silitaji, wanaolinunua watalitambua. Nilikaa nalo na penseli kuanzia chai ya asubuhi hadi adhuhuri, nikafuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka kwenye wima 7, kumbe kosa halikuwa langu.

Kidokezo cha wima 7 kilisema "Upande wa pili wa bahari", visanduku vitano. Jibu ni ng'ambo, neno lenye herufi sita hata ukiiacha ritifaa. Nikadhani mtungaji ameiweka NG' katika kisanduku kimoja, jambo ambalo ningelikubali kwa sababu hiyo ni sauti moja, lakini kwenye jedwali hilohilo, mlalo 3, ng'ombe amepewa visanduku sita. Zaidi ya hayo, kisanduku cha kwanza cha wima 7 kinapitiwa na nanasi, kwa hiyo hakiwezi kuwa kingine ila N. Jana wamechapisha jibu: NAMBO. Nambo ni nini? Nani alilisoma jedwali hili kabla halijaenda mtamboni?

Mlalo 14 uliuliza "Kinyume cha fukara", herufi sita. Niliandika tajiri, wao wakataka mkwasi. Yote mawili yana herufi sita, yote yanaishia kwa I, na hicho kisanduku cha mwisho ndicho pekee kilichokutana na neno jingine. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, hivyo makutano ya mwishoni hayamfai mjazaji kitu. Anayeijua lugha huyakutanisha kwenye konsonanti za mzizi, ambako herufi moja tu ingetosha kuamua kati ya tajiri na mkwasi.

Kisha tukaulizwa mto wa Uswisi, herufi nne. Ni Aare, mto unaopendwa na watungaji wa Kiingereza kwa sababu ya irabu zake tatu. Kwa nini tuazime kiraka hicho ilhali tunazo auni na aula?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uwezo upo. Jedwali hilohilo lilikuwa na kidokezo hiki: "Hukaliwa, hachinjwi", herufi tano. Nilikizunguka robo saa nzima, nikiwaza viti na vigoda, hadi nilipomsikia mke wangu jikoni akikuna nazi. Mbuzi! Hicho ni kitendawili cha Kiswahili hasa, na aliyekitunga hana udhuru wa kutuletea NAMBO.

Namtaka mhariri achapishe sahihisho la wima 7 Jumapili ijayo, na aeleze mara moja kwa wote ng' inahesabiwa visanduku vingapi. Nanyi mnaojaza kila wiki, wekeni hapa makosa mliyoyahifadhi. Mimi ninayo majedwali kumi na moja, nimeyakata na kuyatia katika bahasha.