Misikiti na makanisa Kasulu tunataka chombo kimoja cha misaada: tusajili wapi, zaka iende wapi?

Mwana_Kasulu
Wakuu, habari za kazi. Misikiti, parokia, Waanglikana na Wasabato wa kata yetu wamekubaliana kuunda chombo kimoja cha maendeleo. Kazi ya kwanza ni kisima kirefu cha pampu ya mkono. Tumekwama pale pale: tusajili kama taasisi ya dini? Fedha zote ziingie kapu moja? Na kisima kikikamilika, ni mali ya nani?

Mshauri_wa_Asasi
Ndugu, msiende kwa Msajili wa Jumuiya pale Mambo ya Ndani. Njia hiyo ni ya taasisi za ibada, na chombo chenu hakitaendesha ibada. Kuna Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002: unasajili ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Anzeni na Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri awape barua ya utambulisho, kisha andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye sahihi zao, na wasifu na picha za viongozi. Shirika likishasajiliwa lina uwezo wa kumiliki mali na kushitaki kwa jina lake lenyewe.

Kazi kubwa iko kwenye katiba. Maombi mengi hukwama kwa sababu madhumuni yamechanganya kuchimba visima na kueneza imani. Ondoeni kabisa habari za mahubiri, hata kwa mafumbo. Andikeni pia wazi kwamba msaada hautolewi kwa kuangalia dini ya mtu, na kwamba hakuna nyumba ya ibada itakayopata zaidi ya mtia saini mmoja benki. Watia saini wawe watatu, hundi ipite kwa wawili. Stakabadhi ziwe na namba zinazofuatana, na salio lisomwe kwa waumini wote wiki ile ile. Minong'ono ya "wale wanakula" huvunja umoja wa namna hii haraka kuliko hitilafu yoyote ya itikadi.

Vikao wekeni siku za kazi, Jumanne au Jumatano jioni baada ya alasiri. Jumamosi mtawakosa Wasabato, na hospitali yao ya Heri iko jirani, hao si wachache.

Ustadh_Ujiji
Assalaam alaykum. Zaka isiingie kapuni kabisa. Imewekewa makundi manane katika Suratut Tawba aya ya 60, na wanazuoni wengi, wa madhehebu ya Shafii wakiwamo, wanataka imilikiwe na mwenye haki nayo: fakiri, maskini, mwenye deni. Kisima hakimilikiwi na fakiri, hata tajiri anachota. Isitoshe, kwa wengi wao fukara asiye Mwislamu hapewi zaka, ila sadaka ni halali kumpa. Kwa hiyo changieni kisima kwa sadaka. Zaka ibaki kwenye kamati ya msikiti, na mjane Mwislamu asiyemudu mchango wa maji apewe mkononi, alipe mwenyewe.

Msikiite kisima wakfu kabla ya kujua nani atakabidhiwa. Wakfu hauuzwi wala hautolewi tena, na masharti yake yanaweza kugongana na ya serikali. Akaunti iwe isiyo na riba. Benki kadhaa nchini zina dirisha la Kiislamu.

Mhazini_Parokia
Naongeza upande wetu: fungu la kumi la Wasabato hupelekwa konferensi, yaani ofisi yao ya juu ya kanda, wazee wa kanisa la hapo hawana ruhusa ya kuligusa. Ombeni sadaka maalum, itangazwe kabla kuwa ni ya kisima, na ihesabiwe mbele ya watu wa nyumba nyingine za ibada.

Fundi_Visima_Tabora
Eneo lisiwe kiwanja cha msikiti wala kanisa. Watu hawatakataa kwa maneno, watakwepa tu kuchota. Ombeni ardhi ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji uridhie na muhtasari mbaki nao. Kibali cha kuchimba kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi ziko Kigoma mjini. Zungumzeni na RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) wilaya tangu mwanzo, kwa sababu mradi ukikamilika unaendeshwa na chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, si na ninyi wafadhili. Hilo ndilo jibu la "mali ya nani".

Chimbeni mwisho wa kiangazi, Septemba au mwanzo wa Oktoba, maji yakiwa yameshuka. Kisima kilichopimwa masika huwadanganya watu. Kiwe mbali na vyoo, kwa upande wa juu wa mteremko. Sehemu ya juu zibeni kwa saruji, la sivyo maji machafu ya juu hushuka kando ya bomba. Sera ya maji ya 2002 ilitaka kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400, kwa hiyo msitarajie kimoja kitoshe kata nzima.

Pampu ya Afridev inafaa hadi mita 45 hivi, na fito na vali zake huvutwa kwa mikono bila kung'oa mabomba ya plastiki. Ukisukuma mara nyingi asubuhi kabla maji hayajatoka, vali ya chini inavuja. Yakitoka mara moja lakini kidogo, mpira wa pistoni umekwisha. Vyote ni vipuri vidogo: nunueni seti mbili siku ile ile ya kununua pampu, na wafundisheni wanawake wawili wa kitongoji kuvibadilisha, maana ndio wanaokuwa kisimani kila siku.