Re: Kuwaona tai bwawa la Quabbin msimu huu wa baridi

Ndugu zangu, hamjambo? Tumehamia Springfield, Massachusetts, mwaka huu na watoto wamechoka kukaa ndani. Nasikia Quabbin kuna tai. Tungoje joto lirudi, au hata sasa wapo?

---

Dada, karibu sana. Msingoje joto! Januari na Februari ndio wakati wenyewe. Maziwa ya kaskazini yakiganda, tai hushuka kutafuta maji yaliyo wazi, na Quabbin hukawia kuganda kwa ukubwa na kina chake. Likishaganda, tai hula mizoga ya kulungu juu ya barafu. Miti nayo imepukutika, ndege hana pa kujificha.

Nendeni Enfield Lookout, mahali pa kutazamia ndani ya Quabbin Park. Mnaingilia barabara ya Route 9, kati ya Belchertown na Ware. Mnapoangalia chini, hayo maji yamefunika bonde la mji wa Enfield. Mwaka 1938 ulifutwa pamoja na Dana, Greenwich na Prescott ili Boston ipate maji. Sisi tuliohama kwetu bila kupenda, mahali pale panatugusa. Tai wenyewe walikuwa hawazaliani tena huku. Kati ya 1982 na 1988 makinda 41 waliletwa wakalelewa hapo bwawani, na 1989 wakaanza kuangua.

Waeleze watoto hivi: tai mzima ana kichwa cheupe, kama furukombe wa kwetu, maana ni jamaa. Lakini asiyefika miaka minne au mitano ana rangi ya kahawia mpaka kichwani, na wengi humwacha apite wakidhani si yeye.

Darubini ya 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha. Soksi ziwe za sufu. Pamba ikishika jasho miguu inakufa ganzi. Barafu msiikanyage kabisa. Mbwa hawaruhusiwi, yale ni maji ya kunywa.

---

Asante sana kaka. Mtoto wangu mdogo ana miaka minne, ataweza kusimama?

---

Ataweza, dada. Egesheni palepale Lookout, mtoke nje kidogo, mrudi garini kunywa chai ya chupa, mtoke tena. Darubini muifunge kwenye mfuko kabla ya kuiingiza penye hita, la sivyo lenzi zinajaa ukungu. Theluji ikiwa nyingi, ulizeni kwanza kituo cha wageni karibu na Winsor Dam, ukuta wa bwawa, kama barabara ya ndani iko wazi.